MSI Afterburner na RivaTuner: gemu ikiganda, mashine yako ndo mbovu au gemu yenyewe?

Wakuu, huu ubishi wa gemu kuganda haujawahi kuisha na sidhani kama utaisha leo. Gemu mpya ikitoka tu, hata saa moja haijapita watu washagawanyika, upande huu wanalia optimaizesheni mbovu (yaani gemu haijapangwa itumie mashine vizuri), madevelopa wavivu, rudisheni hela zetu, upande ule wanajibu nunua mashine wewe, kadi ya grafiki yenyewe ya zamani hivo unataka ifanye miujiza gani. Ukiwauliza wote wawili wamejuaje hamna mwenye jibu la maana, mmoja ana hasira tu na mwingine ana kadi mpya anataka watu wajue anayo.

Sasa mi leo siriviu gemu, nariviu kitu cha bure ambacho kwa maoni yangu kila mtu mwenye PC ya gemu angetakiwa awe nacho kabla hajafungua mdomo kulalamika. Ni MSI Afterburner pamoja na mwenzake RivaTuner Statistics Server, vinakuja kwenye kifurushi kimoja. Wengi wanaijua Afterburner kama programu ya kuovakloki kadi, yaani kuikimbiza kupita kasi ya kiwandani, na kweli kazi hiyo inafanya, ila hapa sitaigusa kabisa. Naongelea ile kazi yake ya pili, ya kukuandikia namba na grafu juu ya gemu wakati unacheza, uone ndani ya mashine kunaendelea nini. Na msidanganyike na jina, haibagui kadi, iwe ya NVIDIA, ya AMD, ya kampuni yoyote ile inapiga kazi. Aliyeitengeneza ni Mrusi anaitwa Alexey Nicolaychuk, na jina RivaTuner limetoka enzi za kadi za Riva za NVIDIA, miaka ya 90 mwishoni, kwahiyo hiki kitu kina umri kuliko baadhi ya watu wanaokitumia.

Tuanze na ubaya wake maana upo wazi. Sura yake ni balaa. Ukiifungua inakuja kama dashibodi ya chombo cha anga kilichotengenezwa na mtoto, vishale vinazunguka, mataa mekundu, na kile unachokitafuta hukioni. Tena ukishainstoli tu haikuonyeshi kitu chochote kwenye gemu, inabidi uingie kwenye setingi, kwenye ukurasa wa monitaringi, ukute orodha ndefu ya vitu, halafu kila kimoja unachotaka ukiweke tiki, afu ubonyeze tena sehemu nyingine kabisa kukiambia kionekane kwenye skrini ukiwa ndani ya gemu. Watu wengi wanaishia hapo, wanaona haifanyi kazi wanaifuta. Vumilia. Weka tiki kwenye matumizi ya GPU (chipu ya kadi), joto lake, kloki yake (kasi yake), wati inazokula, VRAM (memori ya kadi), matumizi ya prosesa kwa kila uzi (njia moja ya kazi ndani ya prosesa), kloki ya prosesa, RAM, FPS (fremu, yaani picha, kwa sekunde), na cha mwisho ambacho ndo muhimu kuliko vyote, muda wa fremu, yaani fremu moja inachukua muda gani kutoka. Huo wa mwisho usiuache kama namba, ubadilishe uwe grafu. Ukisahau vyote hivo vingine usisahau huo mstari.

Kwanini huo mstari? Kwasababu FPS ni wastani na wastani unaficha mambo. Chukulia sekunde moja ambayo fremu 59 zimetoka vizuri, kila moja milisekunde 15, halafu fremu moja ikatumia milisekunde 115. Jumla ni milisekunde 1,000 kamili, fremu 60, na kwenye kona ya skrini itaandikwa 60 FPS safi kabisa. Ila jicho lako limeona, mkono wako umesikia, hapo katikati gemu imeganda na adui kashakupiga. We ukienda kulalamika unaambiwa si una 60 wewe unalia nini. Kwenye grafu huwezi kudanganywa hivo, mstari unatembea pale kwenye 15, ghafla unachomoza mwiba mrefu juu halafu unarudi. Ushahidi huo hapo, piga picha.

Kwa wasiojua hesabu yake ni rahisi, 60 FPS maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika, 30 FPS ni 33.3, 144 ni kama 6.9. Ndani ya huo muda prosesa inatakiwa imalize hesabu zake za nani yuko wapi na anafanya nini, ipange kazi, iikabidhi kadi, na kadi ichore. Mmoja akichelewa wote wamechelewa. Kwahiyo swali la kwanza kabisa sio nani mbovu, swali la kwanza ni nani anasubiriwa, na hapo ndo hii programu inaanza kulipa ule usumbufu wa kuiset.

Angalia matumizi ya GPU. Kama iko asilimia 97 mpaka 99 muda wote na mstari wa muda wa fremu umenyooka, basi kadi ndo inasubiriwa, imefika mwisho wa uwezo wake. Hiyo kwa kawaida ni dalili nzuri na wengi wanaiogopa bure, wanakuja wanauliza wakuu kadi yangu iko 99 itaungua? Haiungui, ndo ulichoinunulia. Punguza vivuli, punguza resolusheni, FPS zitapanda.

Ila kama GPU iko 55, 60, inacheza cheza hapo, na FPS ni ndogo, na hujaweka kikomo chochote cha FPS wala Vsync (inayofunga FPS kwenye kasi ya skrini), hapo kadi imekaa inasubiri kazi. Anayesubiriwa ni prosesa, au RAM, au diski, au gemu yenyewe imepanga kazi zake hovyo. Na hapa ndo pana mtego mkubwa ambao umewadanganya wengi mno. Mtu anafungua Task Manager anaona prosesa iko asilimia 20, anasema aah prosesa yangu imelala kabisa, kwahiyo gemu ndo mbovu. Hapana mzee. Prosesa yenye nyuzi 16, uzi mmoja ukifanya kazi mpaka mwisho kwenye ile jumla utaonekana kama asilimia 6 tu. Ni kama saiti yenye mafundi 16, mmoja anapiga tofali jasho linamtoka na 15 wamesimama wanamwangalia, ukipiga wastani utasema kazi ni nyepesi. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu ambao lazima umalize ndo wengine waendelee. Na mbaya zaidi Windows inauhamisha hamisha huo uzi kutoka kori moja (kiini kimoja cha prosesa) kwenda nyingine, kwahiyo hata ukiangalia kori moja moja unaweza usione hata moja iliyofika 100. Ndo maana mi huwa nasema asilimia za prosesa zisome ukipenda, ila hukumu itoe kwa kuangalia GPU.

Unataka uhakika? Shusha resolusheni mpaka chini kabisa, toka 1440p au 4K nenda 720p, gemu ionekane mbaya kama ya miaka ile. 4K ina pikseli kama milioni 8.3, 1080p kama milioni 2.1, 720p haifiki hata milioni moja, kwahiyo kadi umeipunguzia mzigo mkubwa sana. Kama FPS zimeruka juu, basi tatizo lilikuwa kadi. Kama zimebaki palepale, kadi haihusiki na hata ukinunua kubwa kuliko zote duniani utabaki palepale, na kuna watu wameshafanya hivo wamekuja kulia.

Sasa miiba. Hapa ndo utamu ulipo na hapa ndo utajua kama ni gemu.

Mwiba wa aina ya kwanza ni ule unaokuja kila kitu kipya kikitokea. Umerusha bomu mara ya kwanza, paap, mstari umepanda mpaka juu huko. Umerusha la pili, kimya. La tatu, kimya. Adui mpya katokea, mwiba, akitokea tena hamna. Hizo ni sheda zinatengenezwa hapohapo ukiwa unacheza. Sheda ni viprogramu vidogo vinavyoiambia kadi jinsi ya kuchora kitu, mwanga, moshi, ngozi, na kila aina ya kadi na kila driva (programu inayoiendesha kadi) inataka zitafsiriwe kwa lugha yake. Kwenye konsoli chipu ni moja inajulikana, kwahiyo madevelopa wanazitafsiri kabisa kiwandani zinakuja tayari. Kwenye PC haiwezekani kirahisi, kadi ni nyingi mno. Tangu DirectX 12, ile njia ya Microsoft ambayo gemu inaongea na kadi, itoke 2015 na Windows 10, kazi nyingi ambazo zamani driva ilikuwa inawafichia madevelopa sasa wamebebeshwa wenyewe, na wanaojua kazi wanakuwekea zile dakika za kusubiri mwanzoni kabla gemu haijaanza, mnaona imeandikwa inaandaa sheda. Watu wanaichukia sana ile, ila ile ndo heshima yenyewe. Asiyekuwekea anakulipisha katikati ya mapigano. Na hapa mashine haina kosa, ukiwa na prosesa kali mwiba utakuwa mfupi zaidi lakini utakuwepo. Microsoft wenyewe 2025 walileta utaratibu wa kukuletea sheda zimeshatafsiriwa pamoja na gemu unapodaunlodi, walianza na vile vimashine vya mkononi vya ROG Xbox Ally, na hapo unaona kwamba hata wenye DirectX wamekubali kuna shida.

Mwiba wa aina ya pili ni ule wa sehemu. Hausubiri kitu kipya, unasubiri ufike mahali. Kuna gemu moja ya dunia wazi, siitaji jina, nimeichezea kwenye mashine ambayo gemu nyingine zote zinateleza tu. Kuna geti moja la mji mle ndani, ukilivuka mstari unatoka 16 unaenda kama 90 halafu unarudi. Ukirudi nyuma ukavuka tena, mwiba uleule, mahali palepale, hata nyayo unaweza kuweka alama. Nikashusha setingi zote mpaka chini kabisa, picha ikawa ya kutia huruma, geti lile bado mwiba. Nikaweka kikomo cha 40 FPS ili mashine ipumue, mwiba. SSD ile ni ya NVMe, zile za kasi, RAM imebaki nyingi, VRAM nusu iko tupu. Mwenzangu ana mashine inayoizidi yangu mbali sana, nikamwambia vuka lile geti na grafu ukiwa umewasha, akanitumia picha, mwiba upo, mfupi kidogo lakini upo. Sasa hapo unanunua nini? Hamna cha kununua. Gemu inapakia kipande kinachofuata cha ramani na inausimamisha uzi mkuu mpaka imalize, kazi ambayo ilitakiwa ifanyike pembeni taratibu kabla hujafika getini. Hiyo ni ya madevelopa asilimia mia na grafu ndo shahidi.

Na mfano mzuri kuliko wangu ni Elden Ring, 2022. Ilipotoka PC watu wenye mashine za kutisha ilikuwa inawaganda ganda. Wakati huohuo Steam Deck, kimashine cha mkononi chenye nguvu ndogo kabisa ukikilinganisha, kilikuwa kinagandaganda kidogo kuliko hizo PC, kwasababu Valve, wenye Steam Deck, walienda wakarekebisha kwenye Proton, ile tabaka inayowezesha gemu za Windows kukimbia kwenye Linux, jinsi gemu ilivyokuwa inaomba memori ovyo sehemu fulani. Yaani mashine dhaifu, gemu ileile, kuganda kumepungua, kwasababu tu kuna mtu alikaa akaangalia tatizo liko wapi. Nikimkuta anayesema kila kitu ni hadiwea huwa namletea huo mfano halafu nanyamaza.

Mwiba wa tatu ndo unakuja na ubishi maana kosa ni la wote. VRAM imejaa. Utaona gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa miiba inaanza, halafu inazidi, teksicha, yaani picha zinazopakwa juu ya vitu, zinakuwa kama zimepakwa uji. Angalia namba ya VRAM, kama kadi ni ya GB 8 na inasoma 7.8 umepata jibu, data inamwagikia kwenye RAM ya kawaida na njia ya kupitia kurudi kwenye kadi ni nyembamba. Tahadhari tu, ile namba ya kawaida ya Afterburner inaonyesha kilichotengwa, na gemu nyingine zinatenga nyingi hata hazitumii, kuna tiki nyingine ya memori ya gemu yenyewe peke yake, hiyo ndo ya kuamini zaidi. The Last of Us Part I ilipofika PC Machi 2023 hapa ndo palikuwa vita vyenyewe, wenye GB 8 wakishusha teksicha zinakuwa mbaya kupita kiasi, wakipandisha inaganda, na ukweli ni kwamba GB 8 zilikuwa zimeanza kubana NA toleo lile lilikuwa halijaiva. Apdeti zilipokuja teksicha za kati zikawa za kutazamika kwenye kadi zilezile. Kwahiyo nani alikuwa na haki? Wote walikuwa nayo kidogo, ila aliyeweza kurekebisha karekebisha bila mtu kubadilisha kadi, pimeni wenyewe.

Haya sasa na upande wetu, maana mi sio wakili wa wachezaji. Kuna watu wanatukana madevelopa huku mashine zao zimekaa hovyo na Afterburner itawaumbua ndani ya dakika mbili. Kloki ya prosesa ya laptopu inaanza MHz 4,200, baada ya dakika kumi iko 1,800 na joto linasoma 98, hiyo ni vumbi na pasta ya kupitishia joto iliyokauka, au umeiweka laptopu juu ya kitanda, gemu imekosa nini hapo. Au unacheza bila chaja, wati za kadi zimekatwa, unashangaa. RAM ni kijiti kimoja badala ya viwili, hapo umejinyima nusu ya njia ya kupitishia data, na wanaotumia grafiki za ndani ya prosesa hilo linawaua kabisa maana RAM ndo VRAM yao. RAM imeandikwa 3200 kwenye boksi lakini hukuwahi kuingia BIOS (setingi za mazabodi) kuwasha XMP (inayoipa RAM kasi yake kamili) kwahiyo inakimbia 2133 au 2400 miaka yote. Na yule wa waya wa monita kuuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, huyo yupo kila mahali na hataisha, ukiwasha Afterburner unaweza kukuta GPU yako kubwa iko asilimia karibu na sifuri umekuja kulia optimaizesheni. Diski ya kuzunguka ndo sitaki hata kuongelea, gemu ikiandika SSD kwenye mahitaji yake wanamaanisha.

Lakini, na hili ndo nataka lieleweke kuliko yote niliyoandika, hii programu inakwambia NANI anasubiriwa, haikwambii KWANINI kazi yake ni nyingi. Kadi kuwa 99 sio cheti cha kwamba gemu imetengenezwa vizuri. Kadi inaweza kuwa 99 inachora upuuzi. Cities: Skylines II, gemu ya kujenga mji, Oktoba 2023, kadi za watu zilikuwa zinahema kweli, ukiangalia asilimia ungesema aisee hadiwea yangu ndogo. Watu wakachokonoa ndani, wakakuta raia wa mjini, wale watu wadogo unaowaona kwa mbali kutoka angani, wana meno. Meno yamechongwa moja moja ndani ya mdomo ambao haufunguki, kwa mtu ambaye kwenye skrini yako ni kama nukta. Waundaji wake Colossal Order wakakubali kwamba watu wale hawana matoleo mepesi ya kuchorwa wakiwa mbali na kwamba hilo linakula utendaji kwa kiasi fulani, na hata kabla haijatoka walishatoa taarifa kwamba hawajafikia kiwango walichokuwa wamelenga. Sasa pale grafu ingesema kadi ndo inasubiriwa, na ingekuwa kweli, na bado hukumu ya kwamba tatizo ni hadiwea ingekuwa ya uongo.

Na upande wa prosesa hivohivo. GTA Online kwenye PC ilikuwa ina kupakia kwa dakika na dakika, miaka mingi, watu wanaenda kuoga wanarudi bado mawingu ya kupakia. Kila mtu alikuwa na nadharia, ni seva, ni diski yako, ni prosesa yako. Februari 2021 jamaa mmoja akaamua kuangalia kwa makini, akaona uzi mmoja tu wa prosesa umebanwa muda wote huo, kadi, diski na mtandao havina kazi. Akafuata mpaka mwisho akakuta gemu inasoma faili la orodha ya vitu vya kununua, kama MB 10, vitu elfu 63, na inalisoma kwa njia ya kipuuzi ya kuhesabu urefu wa faili lote upya kila inaposoma kipande kimoja. Akaandika kirekebisho chake, muda wa kupakia ukashuka kwa kama asilimia 70. Mwezi uliofuata Rockstar, wenye gemu, wakathibitisha, wakarekebisha rasmi na wakamlipa dola 10,000. Hebu fikiria ni watu wangapi katikati hapo waliambiwa wanunue prosesa, na mwambiaji angekuwa na grafu ya kumuunga mkono.

Ndo maana mi nina kipimo cha ziada ambacho Afterburner haina tiki yake. Nikishajua nani anasubiriwa, natoa setingi kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa kwenye sehemu ileile ya gemu. Gemu iliyotengenezwa na watu wanaojali itakupa tofauti kubwa ya FPS, ukikubali picha iwe mbaya unapewa kasi. Ikiwa nimeshusha kila kitu, picha imeharibika, na nimepata FPS 6 tu za nyongeza, hapo kuna gharama iliyofichwa ambayo mchezaji hajapewa swichi yake. Alafu naweka gemu nyingine yenye sura inayolingana au kuzidi, mashine ileile. Doom Eternal ya 2020 mpaka leo naitumia kama rula, ikikimbia vizuri na gemu mpya isiyoizidi sura inakohoa, sina haja ya kumuuliza mtu.

Isipokuwa kuna gemu kweli zinaomba vitu ambavyo kadi yako haina kabisa, na hapo kulia ni kujionea huruma tu. Alan Wake 2 ya Oktoba 2023 ilijengwa kwa kutumia meshi sheda (njia mpya ya kuandaa maumbo ya vitu ndani ya kadi), kadi za GTX 10 za NVIDIA hazina hicho kitu, zikateseka. (Baadae, Machi 2024, wakatoa apdeti iliyowasaidia wenye GTX 10, wangeweza kuwaacha, sifa zao wapewe.) Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haiwaki bila kadi yenye rei tresingi (kukokotoa miale ya mwanga) ndani ya hadiwea yake, na kwenye kadi zenye uwezo huo inateleza vizuri tu. Kuomba hadiwea mpya ni kitu kimoja, kuiharibu ni kitu kingine.

Jambo lingine ambalo siku hizi linaichanganya hii programu, na linawachanganya na watu, ni fremu za kutengenezwa. Ukiwasha ile frem jenereshen, ambayo inabuni fremu katikati ya zile za kweli, RivaTuner itahesabu na fremu za kubuni, utaona 110 pale kwenye kona unafurahi, lakini gemu inasikiliza mkono wako kwa kasi ya 55 zilezile, tena na kuchelewa kidogo juu yake. AMD wenyewe kwa FSR 3, ile ya kwao yenye frem jenereshen, walishauri uwe na kama 60 za kweli kabla hujaiwasha. Sasa ukikuta gemu kama Monster Hunter Wilds, 2025, kwenye mahitaji yake rasmi yanayopendekezwa imeandikwa 1080p, 60 FPS, huku frem jenereshen imewashwa, maana yake za kweli ni kama 30. Mi hapo sihitaji hata grafu, nimeshaelewa nini kimetokea ofisini kwao. Izime kwanza ndo upime.

Tukirudi kwenye mapungufu ya programu yenyewe maana nisionekane nimelipwa. Kwa kawaida inasoma namba za matumizi kila milisekunde 1,000, sekunde nzima, kwahiyo mwiba wa milisekunde 100 unapita na asilimia za GPU hazijashtuka hata kidogo, shusha iwe 200 au chini kidogo ndo uone GPU inavyoanguka pale mwiba unapochomoza. Gemu nyingine za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu haziipendi, zinakataa kuwaka au maandishi hayaonekani, usilazimishe, funga. Na kama unataka kurekodi ukakaa chini ukachambua kwa utulivu, CapFrameX inafanya hiyo kazi vizuri zaidi, na PresentMon ya Intel ina kipimo kizuri sana cha kukuonyesha kwenye kila fremu kadi ilikuwa bize kwa muda gani, ukilinganisha na muda wa fremu nzima unaona moja kwa moja nani kamsubirisha mwenzie, bila kubahatisha. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kujua tu anunue kadi au aombe arudishiwe hela, Afterburner inatosha kabisa.

Naipa 8 kati ya 10, mbili nimezikata kwa ile sura na ule usumbufu wa kuiset. Halafu kuweni makini mnapodaunlodi, jina lake lina umaarufu na wezi wanalijua, 2021 MSI wenyewe walitoa onyo kuhusu tovuti feki iliyojifanya ya kwao inagawa Afterburner yenye virusi ndani. Ichukueni kwenye tovuti ya MSI au Guru3D, na matokeo ya kwanza kwenye utafutaji yakiwa na neno tangazo pembeni yake, pitilizeni.